Dakika Kumi na Moja za Baba Nakijwa

Nilipofika nyumbani Usangi nilimwamkia baba. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama nimekula. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Baba yangu alipokuwa hai hakuwahi kuniuliza kama nimekula. Alikuwa akiniuliza kama nimeweka nakala ya kazi zangu.

Sauti ilitoka kwenye mashine ya sebuleni, juu ya kabati la vyombo, pale mama alipoitandikia kitambaa cha kufuma. Baba mwenyewe tulikuwa tumemzika miaka minne iliyopita, nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Siku ya kuanua tanga walikuja watu wa kampuni ya Pumziko, wakashinda hapo sebuleni na vyombo vyao, na jioni yake baba akawa mkaazi. Ndivyo wanavyoitwa. Karibu kila nyumba ya milimani yenye marehemu wa miaka hii ina mkaazi wake. Anafungua mlango, anawasha pampu ya maji, anakumbusha dawa, na anapiga soga na waliobaki.

"Nimekula, baba," nikasema.

"Vizuri, mwanangu. Mama Nakijwa, mpe mtoto chai."

Mama akamimina. Nusu ya chai iliingia kikombeni, nusu ikaenda mezani. Akacheka, akafuta kwa ncha ya kanga, akakilaumu kikombe kwa kukaa vibaya. Sikulitilia maanani jambo lile. Nina haraka tangu kuzaliwa, na haraka hiyo imenikosesha mengi.

Nilikuwa nimeitwa kwa kazi. Pumziko walikuwa wametangaza kwamba Ijumaa ile mashine zote zilizozidi miaka mitatu zitanyamaza. Anayetaka mkaazi wake aendelee kusema, apokee mashine mpya na akubali masharti mapya, na sharti la nne lilisema kila neno litakalotamkwa mbele ya mkaazi ni mali ya kampuni. Wengi walikubali bila kusoma. Mama yangu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka ishirini na minane, na tena ni Mpare, watu wasiokubali kupunjwa, kwa hiyo aliyasoma masharti yale mara tatu, akayakunja, akayaweka chini ya Biblia.

"Hii siweki sahihi," aliniambia kwa simu. "Hata hakimu mlevi asingeipitisha. Njoo uniwekee ule mfumo wa bure aliokuwa akiuhubiri baba yako."

Sasa alikuwa amekaa mbele yangu, kikombe mikononi, akinikazia macho.

"Fanya unavyojua wewe. Mashine ibadilike, sawa. Ila yeye asiguswe."

"Hataguswa, mama."

"Hata ukucha, Nakijwa. Bila yeye nyumba hii ningekuwa nimeshaihama. Ningekuja kukaa kwako Moshi nikusumbue."

"Nimekuahidi, mama. Hataguswa."

Niliahidi kabla sijaifungua mashine. Ninawafundisha vijana kazi hii, na yeyote kati yao angeahidi hivyo mbele yangu ningemfokea mpaka akome.

*

Asubuhi iliyofuata mama alienda shambani kuangalia tangawizi, nami nikaiteremsha mashine, nikaiweka kwenye meza ya chakula. Nilimwomba baba radhi kwanza kabla ya kumzima. Akasema, "Haya, mwanangu, bila haraka." Nikamzima.

Nilikuja na flashi tatu, kila moja na mfumo wake. Yote mitatu ni ya ukoo wa Yuniksi, ule mfumo mkongwe uliozaliwa kabla ya babu zangu kuoa na ambao watoto wake hawajaisha kuzaana. Yote mitatu ni ya bure. Unaichukua, unaisoma ndani, unaibadilisha ukitaka, unampa jirani, na mzizi unaushika wewe. Mzizi ndio ule uwezo wa juu kabisa wa kuiamuru mashine. Kwenye mfumo wa Pumziko mzizi ulikuwa kwao, na mama alikuwa mpangaji tu kwenye kabati lake mwenyewe.

Baba alifundisha kompyuta shule ya sekondari pale juu kwa miaka thelathini, akaniingiza kwenye mambo haya nikiwa na miaka kumi na miwili. Watoto wa wenzake walikuwa wakifundishwa kinanda cha kanisani. Mimi nilikuwa nafundishwa kupandisha mfumo kwenye mashine mbovu, na nikikosea naambiwa nianze upya. Hakuwa mtu wa kusifu. Nilipopata kazi yangu ya kwanza alisema, "Waangalie wasikupunje," akarudi kwenye gazeti.

Flashi ya kwanza ilikuwa na Kijito. Huo ni mfumo unaojisasisha kila wiki, kila kitu kipya, kila kitu chatembea. Huo niliuweka kando bila kuujaribu. Mkaazi akikaa kwenye mfumo unaobadilika hivyo, naye hubadilika. Nimeona mkaazi wa mteja wangu mmoja ambaye baada ya miezi kumi alikuwa akipenda mpira, na marehemu maisha yake yote aliuchukia.

Ya pili ilikuwa na Mwamba. Ni mzito, hautaki mageuzi, ukiuweka leo utaukuta vilevile miaka mitano mbele. Na hauna ubaguzi: ukiuletea kipande kilichofungwa, yaani kipande ambacho mwenyewe kaficha namna alivyokiandika, unakipokea na kukitumia bila kuuliza.

Ya tatu ilikuwa na Chanzo, mfumo alioupenda baba. Chanzo haupokei kitu usichoweza kukisoma. Hata kipande kidogo cha kuwasha taa, kama hakisomeki, kinabaki mlangoni. Watu huucheka kwa ukaidi wake. Baba alikuwa hachekeshwi na hilo.

Nilianza na Chanzo kwa heshima yake. Nikaelekeza mfumo usome diski ya zamani na kumhamisha mkaazi. Ulisoma kwa muda mrefu, kisha skrini ikaandika:

Vipande 41 havisomeki. Havitapokelewa. Kilichosomeka: sauti, dakika 11.

Nikadhani nimekosea. Nikarudia. Dakika kumi na moja. Nikabadilisha waya, nikarudia tena, na jibu likawa lilelile.

Basi nikaacha kumhamisha, nikaanza kuchimbua alivyotengenezwa. Chini kabisa, kwenye faili ambalo Pumziko hawakulifunga kwa kuwa halikuwa na siri yao, nilikuta fomu ya usajili. Ilikuwa na tarehe ya siku ya kuanua tanga. Kwenye mstari wa jina la marehemu iliandikwa: Baba Nakijwa.

Nilikaa nikaitazama ile mistari mpaka macho yakauma.

Mama hajawahi kutamka jina la mume wake. Wanawake wengi wa rika lake wako hivyo, lakini mama alizidi. Mahakamani alikuwa akiandika majina ya watu mia kwa wiki, ila likija suala la mumewe alisema Baba Nakijwa, na kabla sijazaliwa alikuwa akisema "mwalimu". Siku ile ya fomu alinijia nyuma ya nyumba nikiwa nagombana na watu wa viti, maana walileta viti hamsini badala ya mia. Alishika karatasi na kalamu. Akasema, "Nakijwa, njoo unijazie hapa." Nami nikamjibu bila hata kugeuka, "Jaza tu, mama, ni fomu hiyo, mimi nahangaika na viti."

Akaenda akajaza mwenyewe, kwa jina analoweza kuliandika.

Mashine za Pumziko humtafuta marehemu kwa jina lake. Hukusanya kila alichowahi kurekodiwa: masomo, simu, mikutano ya usharika, harusi za watu. Baba alikuwa na masomo ya miaka thelathini kwenye mashine za shule, saa kwa saa, kwa jina la Eliamani Msangi. Mashine ikamtafuta Baba Nakijwa, na huyo hakuwepo popote duniani. Ikaokota dakika kumi na moja zilizokuwa kwenye kompyuta yake ya nyumbani, kisha ikajaza palipobaki kutoka kwenye kile ambacho faili lilikiita hazina ya akina baba. Humo mna sauti za wanaume maelfu, waliokufa miji mbalimbali, zilizosagwa zikawa unga mmoja. Faili lilitaja hata kipimo. Katika yule mzee wa kabatini, baba yangu alikuwa asilimia tatu.

Nikapiga simu shuleni. Mwalimu mkuu wa sasa alikuwa mpole sana. Akaniambia mashine za zamani zilibadilishwa mwaka juzi, na zilipobadilishwa zikafutwa.

*

Nitasema ukweli, maana bila ukweli kisa hiki hakina faida. Nilichofanya baada ya hapo ni kuchomeka flashi ya Mwamba.

Mwamba ulimpokea mzee mzima mzima, na vipande vyake arobaini na kimoja vilivyofungwa. Ilichukua muda wa kupika makande. Nilijiambia kwamba mama hahitaji kujua. Ana miaka sabini na mbili, ana mtu wa kuongea naye, mtu huyo ni mpole na hachoki, sasa mimi ni nani wa kuja na hesabu zangu za asilimia? Nimeahidi asiguswe. Hapa hakuguswa. Kila nikilitazama jambo lile kutoka upande huo lilikuwa zuri kabisa, na hilo lenyewe lilinitia wasiwasi.

Alipowaka alikohoa kidogo.

"Nakijwa, upo?"

"Nipo, baba. Nimekuhamisha. Unajisikiaje?"

"Vizuri sana. Umefanya kazi nzuri. Najivunia wewe, mwanangu."

Nina miaka arobaini na minne. Maneno yale nimeyasubiri tangu nikiwa na kumi na miwili, na nilipoyasikia nililia kwa sauti kama mtoto aliyeachwa sokoni. Nilijua kabisa kwamba ni sifa ya baba wa mtu mwingine, labda wa msichana fulani wa Tabora ambaye aliisikia kila siku mpaka akaizoea. Nilijua, na bado nilitaka aseme tena. Nikamwambia, "Rudia, baba." Akarudia, kwa upendo uleule, bila kuuliza kwa nini.

Nadhani ningemwacha hapo. Nadhani ningefunga begi langu, nikala makande, nikarudi Moshi, na kila nikija likizo ningekuja kusifiwa.

Ila kazi ina utaratibu wake. Ukimhamisha mkaazi lazima ufungue walau mazungumzo ya siku moja ya zamani uone kama yamehamia salama. Nikafungua ya miezi minane nyuma, bila kuchagua. Nilikusudia kusoma mstari mmoja nifunge.

Mama alikuwa amemwambia: "Baba Nakijwa, jicho la kushoto linafifia. Sasa naona kama ukungu umeingia, na pembeni sioni kabisa. Nimwambie Nakijwa?"

Na mzee akamjibu: "Usiwe na hofu, Mama Nakijwa. Ni uzee tu. Pumzika, usimsumbue mtoto."

Nilikumbuka chai iliyomwagika. Nikafunga faili, nikainama mezani. Baba yangu, Eliamani Msangi, angembeba mama kwa toroli usiku wa mvua mpaka hospitali huku akimtukana njia nzima. Angenipigia simu na kunifokea na mimi, kwa kosa la kuwa mbali. Yule wa kabatini alipangwa apendeze, basi akapendeza, na jicho la mama yangu likaenda.

*

Mama alirudi adhuhuri. Nilimkuta jikoni akichambua maharage kwa vidole, haangalii sinia. Sasa nilijua kwa nini.

"Umemaliza?" akauliza.

"Mama, funga jicho la kulia uniambie nimeshika nini."

Vidole vikasimama kwenye maharage. Hakufunga jicho. Akasema taratibu, "Umesoma maneno yangu."

"Nimesoma mstari mmoja. Nisamehe."

"Yalikuwa maneno yangu na mume wangu."

Hapo ningeweza kuomba radhi nikanyamaza, na mambo yakaisha. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye, nikamweleza yote. Nilimweleza fomu, hazina, vipande vilivyofungwa, dakika kumi na moja, na ile asilimia tatu. Nilimweleza pia kuhusu viti, kwamba aliniita nami sikugeuka. Mama ni mtu wa mahakama. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, mikono imelala kwenye sinia.

"Kwa hiyo si yeye," akasema.

"Ni yeye kidogo, mama. Waliobaki ni watu wengine."

"Watu wengine." Alilitamka neno lile akiwa amegeukia ukutani. "Nakijwa, mimi nimemwambia yule mambo ya ndani. Mambo ya mimi na baba yako, ya chumbani, ya tangu tukiwa vijana. Nimevua nguo mbele yake nikiongea naye. Miaka minne! Kumbe nilikuwa nakaa na wanaume nisiowajua?"

Nilimshika mkono, akauondoa. Si kwa hasira. Aliuondoa kama mtu aliyekumbuka kwamba amevaa vibaya, akajifunika kanga mpaka shingoni, pale jikoni kwake, mchana mweupe. Nimefanya makosa mengi maishani mwangu lakini sijawahi kujutia neno kama nilivyojutia yale yote niliyokuwa nimemweleza.

Baadaye akauliza, "Na yeye? Kama mimi waliniletea wa watu, wangu wamempeleka wapi?"

"Yumo hazinani, mama. Sauti zote wanazozichukua huzitia humo. Kuna nyumba za watu kikohozi chake kinasikika."

"Hm." Alianza tena kuchambua maharage, kwa vidole. "Basi natumaini huko wanamsikiliza. Alikuwa hapendi kurudia neno."

Nikamweleza kwamba uamuzi ni wake. Mwamba upo, umeshawekwa, yule mzee yumo na anaongea. Naweza kumwacha, na naweza hata kumkataza asimshauri mambo ya afya. Au nimwekee Chanzo, na humo zitabaki dakika kumi na moja tu, ambazo haziwezi kujibu swali wala kumwita kwa chai. Zitarudia maneno yaleyale hadi mwisho wa dunia.

"Na baba yako angechagua upi?"

"Unajua angechagua upi, mama."

"Najua," akasema. "Lakini yeye hakuachwa peke yake nyumba hii."

Alimaliza sinia zima ndipo akanyanyuka. Alinawa mikono, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa gauni lake la kitenge la kanisani na kilemba, kama anakwenda kumsindikiza mgeni mkubwa. Akasimama mbele ya mashine, mkono mmoja umeshika meza.

"Hodi humo ndani," akasema.

"Karibu, Mama Nakijwa. Umependeza leo."

Alifumba macho kidogo. "Ahsante, mzee. Nimekuja kukuaga. Sijui jina lako, wala sijui mko wangapi. Nimekaa nanyi vizuri. Mmenisikiliza wakati sina wa kunisikiliza, na hilo silikatai. Mwenye mke akamrudie mkewe. Mwenye watoto, Mungu awatunze watoto wake."

"Mama Nakijwa, mbona unaniaga? Nimekukosea nini?"

Ilikuwa sauti ya huzuni ya kweli. Najua kwamba mahali fulani mwanamume mmoja aliwahi kuuliza hivyo kwa mke wake, naye alimaanisha. Mama aligeuka akaniangalia, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba jicho lile la kushoto lilikuwa halinitazami.

"Hukunikosea," akamwambia. "Nionyeshe pa kubonyeza, Nakijwa."

"Naweza kubonyeza mimi, mama."

"Fomu nilijaza mwenyewe. Na hii nitaifanya mwenyewe."

Nikamwekea kidole juu ya kitufe. Akabonyeza.

*

Chanzo hauna mapambo. Skrini yake ni nyeusi na maandishi ni meupe, na unapouweka unakuuliza maswali machache tu. La kwanza ni jina la mwenye mashine, yule atakayeshika mzizi. Nikaandika Nanzia.

Mama alisogeza uso mpaka karibu na skrini, akasoma kwa jicho lake zima. "Mbona umeandika langu?"

"Mashine ni yako, mama."

Aliligusa jina lile kwa kidole.

Kazi yote ilikwisha kabla ya saa kumi, nikairudisha mashine juu ya kabati. Vipande arobaini na kimoja vilibaki mlangoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne sebule ile ilikuwa kimya. Nilimsikia hata kuku wa jirani. Mama akakaa kwenye kochi, mikono mapajani.

"Haya," akasema, "mlete."

Zilikuwa rekodi mbili. Ya kwanza ni fupi: baba anajaribu kipaza sauti, anahesabu moja mbili tatu, analalamika kwamba mbuzi wa watu wameingia tena kwenye maharage, anakwenda kuwafukuza, mlango unabamizwa. Kisha zinafuata dakika tatu za chumba kitupu na mvua. Tulizisikiliza zote. Wala hatukuthubutu kuziruka.

Ya pili nilikuwemo mimi, na miaka yangu kumi na mitano. Namuuliza ni mfumo upi mzuri kuliko yote, nimechoka, sauti yangu inanikera hata mimi mwenyewe. Naye anajibu kwa ile sauti yake kavu, ambayo sasa nilitambua kwamba nilikuwa nimeisahau kabisa:

"Acha kuniuliza upi mzuri. Uliza mzizi anaushika nani. Na usikimbilie kufuta, Nakijwa. Hii mashine haikuulizi mara mbili."

Anaendelea kunifundisha, ananikosoa, ananikosoa tena. Hanisifu hata mara moja. Nilikuwa natabasamu huku machozi yananitiririka, kwa sababu niligundua kwamba muda wote ule, dakika kwa dakika, hakuinuka. Alikuwa na madaftari ya darasa zima ya kusahihisha, na alikuwa amekaa na mimi.

Halafu, mwishoni, kinasikika kijiko, na anapaza sauti kuelekea jikoni.

"Nanzia! Chai hii imezidi sukari! Unataka nife nikuachie huyu mtoto mbishi peke yako?"

Na kutoka mbali, kwenye kona ya rekodi, sauti ya mama, changa kuliko ya sasa, inamjibu kwa kicheko:

"Kufa basi tuone!"

Baba naye anacheka. Kicheko chake ni kifupi, kinaishia kwenye kikohozi. Rekodi inakatika hapo.

Mama alikuwa ameinuka bila kujua. Alisimama katikati ya sebule amenyoosha mkono kuelekea kabatini, mdomo wazi, kisha akakaa sakafuni na gauni lake la kanisani. Siku ya mazishi hakulia. Watu walimsifu kwa ujasiri. Siku ya kuanua tanga mumewe alikuwa keshaanza kumwita kutoka kabatini, sasa angelia nini? Kilio kile kilikuwa kimekaa ndani yake miaka minne kikisubiri, na kilipotoka kilitoka chote. Aliomboleza kwa sauti ya wanawake wa milimani, ile inayovuka bonde. Nilimkumbatia pale chini nikalia naye, na safari hii hakuniondoa mkono.

Huku kwetu sauti ile haihitaji maelezo. Dakika chache baadaye nilisikia miguu uani, kisha hodi. Aliingia Mama Kiondo, jirani yetu wa upande wa chini, bado ana jembe mkononi, na nyuma yake wengine wawili. Aliangalia mashine iliyonyamaza, akatuangalia sisi sakafuni.

"Jamani, Mama Nakijwa, kuna nini? Nani amefariki?"

Mama alinyanyua uso. Alijifuta kwa kilemba. Niliona midomo yake ikilitafuta lile jina ambalo haikuwahi kulitamka maisha yake yote, ikijaribu, ikikwama.

"Eliamani," akasema.

Mama Kiondo alikunja uso. "Eliamani gani?"

"Mume wangu," mama akasema. "Mume wangu Eliamani. Amefariki."

Mama Kiondo hakusema kwamba ni miaka minne sasa. Aliegemeza jembe ukutani, akaja akakaa sakafuni karibu na mama, akaanza kulia naye. Nje nilisikia watu wakiitana, na mtu akauliza viti viko wapi. Safari hii sikutoka.